Mgogoro wa Ustaarabu: Kwa Nini Utamaduni na Maendeleo ya Watu Vinahitajiana

Hatari kubwa zinazoukabili ustaarabu wa leo zinajulikana, zimepimwa na zimeandikwa. Mwaka 2009 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Johan Rockström lilitaja mipaka 9 ya sayari ambayo binadamu akiivuka anahatarisha maisha yake mwenyewe. Miongoni mwake ni hali ya hewa, uhai wa viumbe, maji baridi, matumizi ya ardhi, na mzunguko wa naitrojeni na fosforasi. Tathmini ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa mipaka 6 kati ya hiyo imeshavukwa. Onyo lenyewe ni la zamani zaidi, kwani Club of Rome, jumuiya ya wasomi na watu wa viwanda iliyoanzishwa mwaka 1968, ilitoa ripoti yake kuhusu mipaka ya ukuaji wa uchumi mwaka 1972. Tangu hapo nusu karne imepita. Takwimu zimeboreka sana, mikutano haihesabiki, na mwenendo wa dunia umebadilika kidogo mno.

Swali linalostahili kuulizwa basi ni kwa nini tunayoyajua hayaingii katika namna tunavyoishi. Aurelio Peccei, mtu wa viwanda kutoka Italia na mmoja wa waasisi wa Club of Rome, aliishia kwenye jibu ambalo halikutarajiwa kwa mtu wa kazi yake. Alisema kiini cha tatizo ni ubora wa binadamu wenyewe: uwezo wao wa kuelewa, kushirikiana na kujizuia umeachwa nyuma na nguvu walizojitengenezea. Makala haya yanashika uzi huo. Tunadai kwamba mgogoro wa ustaarabu ni pengo kati ya nguvu zilizopo na uwezo wa watu wa kuziongoza, na kwamba pengo hilo huzibwa kwa kazi mbili zinazokwenda pamoja, kuhuisha utamaduni na kukuza watu. Kila moja ikifanywa peke yake huharibika, na huharibika kwa njia zinazotabirika.

Kinachokufa kwanza

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alieleza utaratibu wa kuporomoka kwa dola katika utangulizi wa historia yake alioukamilisha mwaka 1377. Dola husimama juu ya asabiyya, yaani mshikamano wa watu waliozoea kuhitajiana. Kizazi cha kwanza hujenga kwa jasho. Cha pili kinalijua jasho hilo kwa sababu kiliwaona wajenzi. Cha tatu hurithi starehe bila kujua ilivyopatikana. Alikadiria kizazi kuwa miaka 40 na umri wa dola kuwa vizazi 3, jumla miaka 120. Hakuna haja ya kuichukua hesabu hiyo kama kanuni. Jambo zito ni mpangilio alioutambua: upokezanaji hufa kwanza, huku majengo, kodi na jeshi vikiendelea kuonekana vizima kwa muda mrefu.

Mwaka 1988 mwanaakiolojia wa Marekani Joseph Tainter aliongeza kipande kingine. Jamii hutatua matatizo kwa kuongeza utata: idara mpya, sheria mpya, wataalamu wapya. Mwanzoni kila nyongeza hulipa. Baadaye faida hupungua, mpaka nguvu zinazotumika kuudumisha mfumo zinazidi kile mfumo unachorudisha.

Maelezo haya mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwa nini suluhisho za kiufundi peke yake hukwama. Kila teknolojia mpya inahitaji watu wanaoweza kuielewa, kuisimamia, na kuikataa inapobidi, na teknolojia yenyewe haizalishi watu wa namna hiyo. Wanazalishwa na malezi, lugha, shule, vyama, ibada, sanaa na taratibu za kuamua ugomvi, yaani utamaduni. Na utamaduni ulio hai una kazi tatu. Unarithisha maarifa na maadili kutoka kizazi hadi kizazi, unaweka mipaka ya tamaa za mtu mmoja mmoja, na unajisahihisha unapogundua kuwa desturi fulani inaumiza. Miradi mingi ya kurudisha utamaduni hukumbuka kazi ya kwanza, hugusa ya pili kidogo, na huisahau kabisa ya tatu.

Maendeleo ya binadamu: kinachopimwa na kinachofichika

Mwaka 1990 Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, aliongoza ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Msingi wa fikra hiyo ulikuwa wa Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998. Sen alifundisha kuwa maendeleo ni kupanuka kwa uwezo halisi wa watu kuishi maisha wanayoyathamini kwa sababu za msingi. Aliyefunga kwa hiari na anayeshinda njaa kwa kukosa chakula wote wawili hawajala. Mmoja alikuwa na uchaguzi, mwingine hakuwa nao, na tofauti hiyo haionekani ukiangalia sahani zao tu.

Fahirisi ya maendeleo ya binadamu iliyotokana na fikra hii ina vipengele vitatu. Umri wa kuishi hupimwa kati ya kima cha chini cha miaka 20 na cha juu cha miaka 85. Elimu ni wastani wa namba mbili: miaka ya shule anayotarajiwa mtoto kusoma ikigawanywa kwa 18, na wastani wa miaka waliyosoma watu wazima ikigawanywa kwa 15. Pato kwa kila mtu hupimwa kwa logi (logarithimu), ambapo kila kuongezeka maradufu huhesabiwa sawa, kati ya dola 100 na dola 75,000. Tangu mwaka 2010 vipengele hivyo vitatu huzidishwa pamoja, kisha hutafutwa kipeuo cha tatu, ili nchi isiweze kuficha udhaifu wa kipengele kimoja kwa wingi wa kingine.

Tuchukue nchi ya kubuni. Umri wa kuishi ni miaka 65, na hivyo kipengele cha afya ni 45 kugawa kwa 65, sawa na 0.692. Mtoto anatarajiwa kusoma miaka 11, watu wazima wamesoma wastani wa miaka 7, na elimu inakuwa 0.539. Pato ni dola 4,000 kwa mtu, linalotoa 0.557. Fahirisi ya nchi hiyo ni 0.592. Pato likiongezeka maradufu hadi dola 8,000, mengine yakibaki yalivyo, fahirisi inapanda hadi 0.627. Lakini pato likibaki dola 4,000 na wastani wa masomo ya watu wazima ukipanda kutoka miaka 7 hadi 11, fahirisi inafika 0.638. Kwa kipimo hiki, miaka minne ya kusoma inazidi kuongeza utajiri maradufu. Anayepanga bajeti anapaswa kuikokotoa hesabu hii mwenyewe, kwa sababu inabadilisha mpangilio wa vipaumbele.

Hata hivyo fahirisi hii ina upofu, na upofu wake uko pale pale panapotuhusu. Inahesabu miaka ya kukaa shuleni na haioni kilichojifunzwa humo. Kabla ya janga la korona, Benki ya Dunia ilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawakuweza kusoma na kuelewa hadithi fupi. Fahirisi haioni iwapo mtu aliyesoma anaweza kukaa kikao na jirani yake wakaamua jambo. Haioni upweke, wala haioni lugha inayozimika. Nchi inaweza kupanda ngazi kwenye jedwali huku nyuzi zinazowaunganisha watu wake zikikatika.

Denmark: kushindwa vita, kisha maziwa

Mfano unaofundisha zaidi kuhusu kazi hizi mbili kufanyika pamoja unatoka Denmark. Mwaka 1864 nchi hiyo ilishindwa vita na Prussia na Austria, ikapoteza Schleswig, Holstein na Lauenburg. Miaka michache baadaye nafaka za bei nafuu kutoka Amerika na Urusi ziliporomosha bei, na wakulima wake waliotegemea nafaka wakajikuta taabani. Palikuwa na kila sababu ya nchi hiyo kukata tamaa.

Mbegu ilikuwa imeshapandwa. Nikolaj Grundtvig, mchungaji, mshairi na mwanahistoria, alikuwa ametetea kwa miaka mingi shule za watu wa kawaida ambazo zingefundisha kwa neno lililo hai badala ya kukaririsha Kilatini. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Mpaka mpya wa 1864 ulipouacha mji huo upande wa washindi, kazi yake ilihamishiwa Askov, kaskazini kidogo ya mpaka, mwaka 1865. Kisha shule za aina hiyo zikaongezeka upesi vijijini.

Mpangilio wake ndio wa kuzingatia. Wanafunzi walikuwa vijana wa mashambani wenye umri wa kuanzia takriban miaka 18. Wavulana walikaa miezi 5 ya majira ya baridi, shamba linapokuwa halina kazi nyingi, na wasichana miezi 3 ya kiangazi. Walilala hapo hapo, wakala na walimu wao, wakaimba kila siku, wakasikiliza historia na fasihi ya nchi yao, wakajadiliana, na pia wakajifunza hesabu, uandishi na masomo ya kilimo. Hapakuwa na mtihani wa kuingia wala wa kutoka. Kijana alirudi shambani bila cheti, ila alikuwa amezoea kusimama mbele ya wenzake, kutoa hoja na kupokea hoja ya mwingine.

Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding, magharibi mwa Jutland, walifungua kiwanda cha maziwa cha ushirika. Mashine ya kutenganisha krimu kwa mzunguko, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1870, iliwezesha maziwa ya wakulima wengi kuchakatwa mahali pamoja. Lakini mashine haikuweza kuwafanya wakulima waaminiane. Kila mwanachama aliahidi kupeleka maziwa yake yote kiwandani, walibeba dhamana ya mkopo kwa pamoja, na kila mtu alikuwa na kura moja, awe na ng'ombe wawili au arobaini. Kufikia mwaka 1900 viwanda vya namna hiyo vilikuwa karibu 1,000, na siagi ya Denmark ilikuwa imeshika soko la Uingereza.

Shule hizo hazikujenga viwanda vya maziwa moja kwa moja, na anayedai hivyo anarahisisha mno. Zilitoa watu walioweza kuendesha vikao, kusoma hesabu za chama na kuamini kuwa mkulima anaweza kujiongoza. Pia zilikuta msingi ukiwepo. Elimu ya msingi ilikuwa ya lazima tangu mwaka 1814, na mageuzi ya ardhi yaliyoanza mwishoni mwa karne ya 18 yalikuwa yamewapa wakulima wengi mashamba yao. Wanaoiga shule bila msingi huo hupata matokeo hafifu kisha hulaumu shule. Wazo lenyewe lilisambaa katika nchi zote za Skandinavia, na mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianza kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mwongozo wa vyuo vya umma vya Sweden. Vyuo vya aina hii, popote vilipo, hukabiliwa na shinikizo la cheti. Mara chuo kinapopimwa kwa idadi ya waliofaulu mtihani wa ufundi, saa za majadiliano, nyimbo na historia ndizo za kwanza kukatwa, na kinachobaki ni chuo cha kawaida cha ufundi chenye vifaa pungufu.

Kusoma neno, kisha kusoma hali

Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, aliuweka utamaduni ndani ya kisomo chenyewe. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa takriban saa 40. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, mradi ukafungwa, na Freire akafungwa jela kisha akaenda uhamishoni. Njia yake inasifiwa sana na kufuatwa kidogo, kwa hiyo inafaa kuieleza kwa hatua.

Kwanza, wawezeshaji hukaa na watu wa eneo na kuandika maneno wanayotumia kweli, hasa yale yanayobeba furaha, kero na kazi zao. Pili, kutokana na orodha hiyo huchaguliwa maneno 16 au 17 hivi kwa vigezo vitatu: yawe na utajiri wa silabi, yapangike kutoka mepesi hadi magumu, na yaguse maisha. Tatu, kila neno huchorewa picha ya hali inayojulikana. Nne, kikundi hujadili picha kabla ya kuona neno. Mwisho neno hukatwa silabi, kila silabi hupanuliwa kuwa familia yake, na wanafunzi huunda maneno mapya wao wenyewe.

Kiswahili kinaupokea mtindo huu kwa urahisi kwa sababu silabi zake nyingi mno huishia na irabu. Neno "kisima" hutoa familia tatu: ka-ke-ki-ko-ku, sa-se-si-so-su, ma-me-mi-mo-mu. Kwa silabi hizo 15 mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kuandika soko, sema, somo, kosa, kesi. Wakati huo huo mjadala wa picha umeshauliza nani alichimba kisima, nani ana ufunguo wake, na kwa nini kina mama ndio wanaobeba maji.

Kuna hatua iliyotangulia yote hayo, na kwa maoni yetu ndiyo kiini. Kabla ya herufi ya kwanza, vikundi vilijadili picha 10 zilizochorwa na msanii Francisco Brennand kuhusu tofauti ya maumbile na utamaduni: kisima kilichochimbwa na mtu, chombo cha udongo, shairi. Lengo lilikuwa mtu asiyejua kusoma atambue kuwa yeye ni mtengenezaji wa utamaduni tayari, na kwamba kilichotengenezwa na watu kinaweza kubadilishwa na watu.

Njia hii huharibika kwa namna tatu. Mwezeshaji huchukua maneno kutoka kwenye kitabu cha mwongozo badala ya kuyatafuta kwa watu. Mjadala hugeuka hotuba ya siasa, na wanafunzi wanajifunza jibu linalotakiwa. Au kozi inaisha bila kitu cha kusoma kilichobaki kijijini, na stadi iliyopatikana inafifia kwa kukosa matumizi. Dawa ya kosa la tatu iwe imepangwa kabla ya somo la kwanza: gazeti la ukutani, maktaba ndogo, mihtasari ya vikao iandikwe na wanakisomo wenyewe.

Lugha na hesabu ya saa

Miaka ya 1970 ilipofika, wazungumzaji fasaha wa Kimaori nchini New Zealand walikuwa kwa sehemu kubwa watu wazima na wazee. Mwaka 1982 familia za Kimaori zilianzisha kōhanga reo, vituo vya malezi ambamo watoto wadogo wanazungukwa na lugha hiyo tu, na wazee ndio wafundishaji. Kufikia mwaka 1994 vituo vilikuwa takriban 800 vyenye watoto wapatao 14,000. Mwaka 1987 Kimaori kilifanywa lugha rasmi. Mpangilio ulikuwa wa busara: watoto kwanza, kisha shule za msingi, sheria ikifuata nguvu ya watu.

Kwa nini vituo vya kutwa vilihitajika wakati vipindi vya shuleni vingekuwa rahisi zaidi? Mtoto mdogo yuko macho takriban saa 12 kwa siku, sawa na saa 84 kwa wiki. Vipindi viwili vya saa moja ni asilimia 2.4 ya muda huo, na mtoto ataishia kujua salamu, namba na nyimbo. Kituo cha saa 30 kwa wiki ni karibu asilimia 36, kiwango ambacho lugha huanza kuwa ya kufikiria. Hata hivyo vituo vilipungua baada ya kilele hicho. Walimu wenye ufasaha hawakutosha, na mtoto aliporudi nyumbani kwa wazazi wasioizungumza lugha alijibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana kila mpango wa mtoto unahitaji mpango wa mzazi sambamba nao.

Lugha ina uzito pia katika ujifunzaji wa masomo mengine. Mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa, ulifundisha darasa la kwanza hadi la sita kwa Kiyoruba, huku Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake. Wanafunzi hao walifanya vizuri zaidi katika masomo, na Kiingereza chao hakikuzorota.

Utamaduni unaojisahihisha

Malicounda Bambara ni kijiji cha Senegal ambako ukeketaji ulikuwa desturi iliyoheshimiwa. Wanawake wake waliingia katika programu ya elimu ya shirika la Tostan, iliyofundishwa kwa lugha yao na kugusa afya, haki na utatuzi wa matatizo. Hawakuanza kwa kukemewa. Walijifunza, wakazungumza na waume zao na viongozi wa dini, na tarehe 31 Julai 1997 wakatangaza hadharani kuiacha desturi hiyo.

Vijiji jirani vilikasirika. Hapo Demba Diawara, mzee na imamu, alitoa ushauri uliogeuza mambo: jamii zinazooana lazima ziamue pamoja. Alikuwa sahihi kwa sababu ya namna desturi hiyo inavyojishikilia. Mzazi anayejua madhara bado atamkeketa binti yake akiamini kuwa hataolewa asipofanyiwa. Maarifa ya mtu mmoja hayamsaidii mpaka familia za wachumba zibadilike siku moja naye. Diawara alitembea kijiji kwa kijiji akizungumza na ndugu zake, na Februari 1998 vijiji 13 vilitoa tamko la pamoja Diabougou.

Desturi nyingi zinazoumiza zina muundo huo huo: mahari zinazopandishwa kwa kushindana, sherehe zinazofilisi familia, rushwa inayotolewa kwa sababu "kila mtu anatoa". Kampeni inayomlenga mtu mmoja mmoja humwachia mzigo asioweza kuubeba. Inayofaa hutafuta kwanza mipaka ya kundi linalotegemeana, humpa kila mhusika nafasi ya kujua kuwa wengine nao wamechoka, kisha hupanga siku ya kubadilika kwa pamoja mbele ya mashahidi.

Kujizuia nako kunahitaji muundo. Kijiji cha Törbel nchini Uswisi kilikuwa na kanuni ya mwaka 1517 kwamba hakuna anayeruhusiwa kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha nyumbani majira ya baridi. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel mwaka 2009, alikusanya mifano mingi ya aina hiyo na kuona kinachofanana. Mipaka ya watumiaji iko wazi, watumiaji wenyewe hutunga na kubadili kanuni, wasimamizi wanawajibika kwao, na adhabu huanza ndogo ikapanda kwa anayerudia. Jambo hili la mwisho hupuuzwa mno. Faini kubwa kwa kosa la kwanza huwafanya majirani waogope kutoa taarifa, na kanuni inakufa bila mtu kuifuta.

Inapoenda mrama

Mwaka 1971 Mobutu aliibadilisha Kongo kuwa Zaire, na mwaka uliofuata raia wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Suti na tai zikabadilishwa kwa abacost, koti lisilovaliwa na tai. Mwaka 1973 mashamba na biashara za wageni zikatwaliwa, nyingi zikaangukia mikononi mwa watu wa karibu na utawala ambao hawakuzimudu. Majina yalirudi nyumbani, lakini shule, hospitali na barabara ziliendelea kuchakaa. Uhuishaji wa aina hiyo huchukua alama za nje, huamriwa kutoka juu, na humnyima mtu wa kawaida haki ya kusema kuwa hauendi sawa.

China ilipotea kwa upande wa pili. Kati ya mwaka 1966 na 1976 vijana walihamasishwa kuvunja vya kale kwa jina la kuunda mtu mpya. Walimu walidhalilishwa, mahekalu na vitabu vikaharibiwa, na mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu haukufanyika mpaka mwaka 1977. Kizazi kizima kilikatiwa upokezanaji, na kufundisha upya kilichovunjwa kulichukua muda mrefu kuliko kukivunja.

Pa kuanzia

Kikundi, halmashauri au shule inayotaka kufanya kazi hii ianze na ramani ya upokezanaji. Orodhesheni maarifa na stadi ambazo jamii haiwezi kuishi vyema bila hizo: lugha, ukunga, uhunzi, usuluhishi, utunzaji wa chanzo cha maji, uandishi wa hesabu za chama, ukarabati wa mitambo. Kwa kila moja andikeni watu wangapi wanaimudu kikamilifu, umri wao, wanaojifunza chini ya miaka 30 ni wangapi, na wanajifunza saa ngapi kwa wiki. Safu hiyo ya mwisho mara nyingi huwa na sifuri nyingi. Stadi ambayo wajuzi wake wote wamepita miaka 60 na haina mwanafunzi ndiyo ya dharura.

Chagueni tatu, zisizidi. Miradi inayoanza na stadi kumi hufa kwa kukosa watu wa kuifuatilia. Kila mjuzi apewe mwanafunzi mmoja au wawili, na muda wa kutosha. Programu za lugha za wenyeji wa asili wa California, zilizoanza mapema miaka ya 1990, huwaweka mzee na mwanafunzi pamoja saa 10 hadi 20 kwa wiki wakifanya kazi za kawaida za nyumbani bila kutumia lugha nyingine. Chini ya kiwango hicho mwanafunzi anajua habari kuhusu stadi, ila stadi yenyewe hana. Mzee alipwe kama mwalimu, kwa kuwa muda wake una thamani na kijana anaona kinachothaminiwa.

Kila stadi ifungwe kwenye hitaji la kila siku au kipato. Usuluhishi wa kimila upewe kesi halisi, kwa makubaliano na mahakama. Hesabu za chama zisomwe mbele ya wanachama kila mwezi na mwanakisomo mpya.

Kila baada ya miezi sita kiwepo kikao cha kujisahihisha. Swali lake ni moja: ni nani anayeumizwa na jinsi tunavyofanya mambo sasa? Wanawake na vijana wazungumze kwanza, maana mzee akishasema wengi hunyamaza. Yanayoamuliwa yaandikwe, na kikao kijacho kianze kwa kuyasoma.

Vipimo viwe vichache na vya ukweli: idadi ya watu wapya wanaoimudu stadi bila kusaidiwa, saa za ujifunzaji kwa wiki, idadi ya migogoro iliyomalizika bila kufika mahakamani, na idadi ya kanuni zilizobadilishwa na watumiaji wenyewe. Idadi ya matamasha na fulana zilizogawiwa haina nafasi kwenye jedwali hilo. Kuhusu muda, mtoto aliyeingia kōhanga reo mwaka 1982 alifikia umri wa kulea mtoto wake mwenyewe baada ya miaka 20 hivi, na ni hapo tu ilipowezekana kuona kama lugha imerudi nyumbani. Ufadhili wa kawaida wa mradi hudumu miaka 3. Kwa hiyo fedha za nje zitumike kwa vitu vinavyonunuliwa mara moja, kama jengo, vitabu na zana, na posho ya walimu itoke kwenye mfuko wa wanachama tangu mwezi wa kwanza, hata ikianza kidogo.